Watumishi Wadogo wa Udongo

Dawa ya kuua magugu ikisha kunyunyizwa shambani, huenda wapi? Wengine hudhani kwamba hupotea pamoja na magugu. Sivyo. Dawa nyingine hukaa udongoni miezi mingi, na mvua huichukua mpaka mtoni na kisimani.

Tutwae mfano wa atrazini, dawa ya mashamba ya mahindi na miwa, iliyosajiliwa kwanza Marekani mwaka 1958. Huko sheria hairuhusu zaidi ya sehemu 3 za milioni za gramu katika lita moja ya maji ya kunywa. Umoja wa Ulaya uliikataa mwaka 2004, kwa sababu ya kuchafua maji yaliyo chini ya ardhi.

Basi, mwaka 1995 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota walitangaza habari za bakteria mmoja wa jamii ya Pseudomonas, waliyempata katika udongo wa Little Falls, mahali palipomwagika dawa. Kwake sumu hiyo ni chakula, maana ina nitrojeni anayoihitaji. Kwanza huondoa klorini, na hapo dawa hupoteza nguvu ya kuua magugu. Kisha hukata matawi yake ya kando. Mwisho huvunja kiini chenyewe, ikabaki hewa ya kaboni na amonia.

Je, kazi hiyo yawezekana nje ya maabara? Huko South Dakota, palipomwagika atrazini nyingi, wataalamu walitwaa bakteria wa jamii nyingine, wakawapa uwezo wa hatua ile ya kwanza. Kisha waliwaua wasije wakaenea, wakawachanganya na udongo. Kimeng'enya kikatacho sumu kiliendelea kufanya kazi ndani ya miili yao. Baada ya majuma 8, atrazini ilipungua kwa sehemu 52 katika 100. Palipotiwa fosfati pia, kwa sehemu 77. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2000.

Twaona basi kwamba hata kwa ustadi huo, karibu robo ya sumu ilibaki. Kwa hiyo tupime dawa kwa kipimo kilichoandikwa, tusioshe chombo cha kunyunyizia karibu na kisima, wala tusitekee maji kwa kopo lililokuwa na dawa. Watumishi wa udongo hufanya kazi polepole, lakini mtoto mwenye kiu hangoji majuma 8.