Jaketi kwanza, nywele baadaye!

Wiki hii naomba tuteremke ziwani.

Jumapili moja pale Mwanza tulikodi boti, kundi la watu tisa, twende kisiwani kula samaki na kupunga upepo. Kabla ya kuondoka nahodha akagawa majaketi ya kuokolea. Shosti wangu mmoja akalitazama lake, akalinusa, akacheka. "Hili nalo! Linanuka, na nywele nimetengeneza jana. Nitalivaa likitokea la kutokea." Wote tukaangua kicheko. Na mimi mwenyewe, sikufichi, langu nililikalia kama mto.

Wakati wa kurudi, jioni, ziwa likachafuka. Boti inayumba, maji yanaingia, kila mtu anatafuta jaketi. Kamba zimesokotana, mikono inatetemeka, la shosti limeteleza mpaka uvunguni mwa benchi. Mungu saidia tulifika salama, lakini mpaka tunakanyaga nchi kavu hakuna aliyekuwa amelivaa sawasawa. Nywele nazo? Zimelowa chapachapa!

Ndiyo maana nasema, jaketi livae kabla boti haijang'oa nanga, na vifungo vyote uvifunge. Ukishakuwa majini, kamba hazifungiki. Mtoto avae la saizi yake, maana la mtu mzima litamchomoka. Nahodha akinukia pombe, mwachie boti yake. Na mkikaribia gati, msirundikane wote upande mmoja kugombea kushuka.

Halafu kuna hili la kujazana, ambalo si la mzaha hata kidogo. Mei 21, 1996 tulipoteza mamia ya ndugu zetu ndani ya MV Bukoba, meli ikiwa imejaza kupita kiasi na imeshakaribia Mwanza. Tulilia, tukasema haitatokea tena. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka jirani kabisa na gati la Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220!

Kwa hiyo boti ikijaa, shuka. Nauli wakigoma kurudisha, wasamehe. Wakikucheka, wewe cheka nao. Wahenga walishamaliza: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Haya, tukutane wiki ijayo, tukiwa wazima.