Pango la baharini si tundu tupu

Ukisikia sponji, unafikiria ile ya kuoshea vyombo jikoni. Sawa. Lakini sponji halisi ni mnyama: hana macho, hana ubongo, hana miguu. Kazi yake ni kukaa palepale akichuja maji ya bahari apate riziki. Na ukitaka kumwona kwa wingi, ingia pangoni.

Kule Mediterania, wanasayansi wamehesabu zaidi ya spishi 300 za sponji kwenye mapango ya baharini, karibu nusu ya zote zinazojulikana katika bahari hiyo. Karibu na mlango, mwanga unapofifia, kuta zina rangi ya chungwa, manjano na zambarau kama matatu ya Rongai. Mwani hauwezi gizani, kwa hivyo sponji hang'ang'anii nafasi nao. Ukisonga ndani zaidi maji yanatulia, chakula kinapungua, nao sponji wanakuwa wachache na wadogo.

Halafu kuna pango moja karibu na La Ciotat, Ufaransa. Linateremka, hivyo maji ya kipupwe hunaswa humo na kubaki baridi mwaka mzima. Mwaka wa 1995, Jean Vacelet na Nicole Boury-Esnault walitangaza kwamba sponji mmoja wa humo hachuji maji. Ananasa vijidudu jamii ya kamba kwa nyuzi zenye kulabu ndogo, kisha anawameng'enya polepole. Sponji mla nyama! Jamaa zake hukaa vilindini, wengine zaidi ya mita 8,000. Huyu alikuwa mita zisizozidi 25.

Sasa sikiza. Viluwiluwi vya sponji kwa kawaida havisafiri mbali. Pango likiharibiwa, usidhani jirani atakuja upesi kulijaza. Ndiyo maana tunasema mipango ya uchumi wa samawati hapa Pwani isihesabu samaki na matumbawe pekee. Watamu ni hifadhi tangu 1968, na wavuvi wanajua mapango anakojificha tewa. Kuta hizo zipigwe picha na wakazi wake waorodheshwe kabla boti zaidi za watalii hazijapewa leseni. Wewe unayesomea sayansi ya bahari pale Kilifi, hiyo kazi ni yako. Mbona ungoje mgeni?

Nawe unayeenda kupiga mbizi wikendi tu: usiguse ukuta, usitimue mchanga, na usikawie chini ya dari ya pango. Mapovu unayopumua yananaswa huko juu, na sponji akibaki ndani ya hewa hiyo, anakufa.