USIUZE MAZIWA YOTE

Kila asubuhi katika skimu zetu, Nyandarua hata Trans Nzoia, mikebe ya maziwa hupita njiani ikienda kwenye chama cha ushirika, na watoto hupita njia iyo hiyo wakienda shule. Mikebe imejaa. Mtoto je? Mara nyingi amekunywa chai isiyo na maziwa na kula ugali uliolala.

Nyumba nyingi hazili nyama ila siku ya sikukuu, na si aibu. Mamilioni ya watu wa India hawali nyama maisha yao yote, nao ni wazima. Lakini hao hula dengu na mboga, na wengi wao hunywa maziwa. Hawashindi kwa ugali mtupu.

Mwanafunzi ahitaji maharagwe au kunde za kumjenga mwili. Sukuma wiki, terere na managu zina madini ya chuma, na mtoto aliyepungukiwa na damu husinzia darasani mpaka mwalimu amwite mvivu. Karoti, papai na viazi vitamu vya rangi ya machungwa humpa vitamini A ya macho. Ukichemsha mboga usimwage maji yake, maana vitamini C hutoka nayo. Tena usimpe chai pamoja na chakula, kwa kuwa chai huzuia chuma isiingie mwilini. Mpe pera au chungwa, nalo litaisaidia iingie.

Huenda ukasema unga una vitamini. Ni kweli, tangu mwaka 2012 sheria yataka unga wa mahindi wa pakiti utiwe vitamini na madini. Lakini wewe wasaga mahindi yako mwenyewe kwenye kinu cha posho, na huko hautiwi kitu.

Sasa liko jambo moja ambalo mboga haiwezi. Vitamini B12, inayosaidia kufanya damu na kulinda mishipa ya fahamu, haipatikani katika mboga wala nafaka yo yote. Imo katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Kati ya 1998 na 2000 watoto wa darasa la kwanza katika shule 12 za Embu walifanyiwa uchunguzi. Wengine walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyotiwa mafuta, na wengine hawakupewa kitu. Katika jaribio la kufikiri nyama ndiyo iliyoshinda, tusifiche. Lakini B12 iliongezeka kwa waliokula nyama na kwa waliokunywa maziwa pia.

Siwezi kukwambia ununue nyama kila siku na huku una karo na deni la chakula cha ng'ombe. Maziwa unayo. Utajibu kwamba kila lita ina bei. Naam, lakini watoto wanne, kikombe kimoja kila mmoja, ni lita moja tu. Kwa maoni yangu kumlipia mtoto karo na kumpeleka darasani na njaa ni hasara kubwa kuliko lita hiyo. Baba apokeaye pesa za maziwa na mama apikaye wakae wapatane juu ya jambo hili. Maziwa yachemshwe kwanza, kwa sababu ya magonjwa.

Na asiye na ng'ombe afuge kuku wanne nyuma ya nyumba, na mayai yao asiyapeleke yote sokoni.