Mpiga Picha wa Habari na Nyumba Yake



Katika parokia zetu ni vigumu sasa kuona arusi, kilio au maandamano ambayo hayakupigwa picha. Wengi kati yenu mmeanza hivyo, kwa simu ya mkononi, kisha kwa kamera ya kuazima. Wako pia wanaotamani kuifanya kazi hiyo maisha yao yote, wakiwa wapiga picha wa habari. Tamaa hiyo ni njema. Nchi ambayo mateso yake yamesimuliwa mara nyingi na watu wa mbali inawahitaji watoto wake wenyewe, wanaojua majina ya vijiji na lugha ya wanaolia. Lakini pamoja na kuwatia moyo, tunapaswa kuwaambia jambo ambalo halifundishwi pamoja na matumizi ya lenzi: kazi hii hula nyumba. Inakula usiku, Jumapili, siku za kuzaliwa za watoto na saa za wagonjwa. Asiyejipanga mapema atakuja kutambua kwamba ameyatazama maisha ya watu wote isipokuwa ya watu wake.

Kwanza tuelewe kwa nini mambo huwa hivyo. Mwandishi wa gazeti aliyechelewa kufika mahali pa tukio anaweza kupiga simu kesho yake, akawauliza waliokuwapo, akaandika. Mpiga picha hana mlango huo wa pili. Tukio likipita limepita, na picha haipigwi kwa kusimuliwa. Lazima awepo, tena awepo karibu. Jua likizama, wengine wakirudi kula pamoja na watoto wao, yeye huanza kazi ya pili: kuchagua picha chache kati ya mamia, kuandika maelezo ya kila moja, na kutafuta intaneti ya kuzituma kabla mhariri hajafunga ukurasa.

Tena wengi katika kazi hii hawana mkataba wa kudumu. Hulipwa kwa siku waliyofanya kazi, au kwa picha iliyokubaliwa. Mtu wa namna hiyo akiitwa alfajiri akajibu kwamba leo mtoto wake ana homa, anajua kwamba mara nyingine ataitwa mwingine. Kwa hiyo tusimhukumu upesi kwamba hawapendi watu wake. Mara nyingi anatoka nyumbani kwa ajili ya nyumba hiyo hiyo: kodi, chakula na ada za shule. Shida ni kwamba fedha huletwa nyumbani na mtu, na mtu huyo asipokuwapo kamwe, fedha haziwezi kukaa katika kiti chake.

Tumtazame Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, mmoja wa wapiga picha mashuhuri kuliko wote waliowahi kutoka upande wetu wa Afrika. Mwezi wa Oktoba 1984, yeye pamoja na Michael Buerk wa BBC, walionyesha ulimwengu njaa ya Ethiopia katika picha zilizopigwa Korem. Watu wa mataifa mengi walishtuka wakatoa michango, na mwaka uliofuata likafanyika tamasha la Live Aid. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mwenzake John Mathai akafa, naye Amin akapoteza mkono wa kushoto. Alirudi kazini akiwa na mkono wa bandia. Tarehe 23 Novemba 1996 alifariki katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na visiwa vya Komori. Mwanawe, Salim Amin, aliendeleza kampuni ya baba yake, akatengeneza filamu iitwayo Mo & Me. Humo anasimulia juu ya baba ambaye dunia ilimfahamu, lakini ambaye nyumbani hakuonekana sana.

Wako watakaosema: ni sawa. Kama Amin angelibaki nyumbani, nani angeliwaonyesha walimwengu wale watoto wa Korem? Hoja hiyo ni nzito, na hatuikwepi. Ziko safari ambazo mtu akizikataa kwa ajili ya raha yake anawanyima wengine uhai. Jamaa yenye moyo huzielewa safari kama hizo, hata ikiwa inalia. Lakini hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Safari ya Korem ilikuwa ya lazima. Hata hivyo, si kila simu inayolia ni Korem. Mkutano wa wanasiasa, mechi ya mpira, ziara ya waziri: hayo yote yanaweza kupigwa picha na mwenzako. Kosa la wengi si kwamba walikwenda siku ya lazima, bali kwamba walijizoeza kuziona siku zote kuwa za lazima. Na mazoea hayo hayazaliwi na huruma. Mara nyingi yanazaliwa na hofu ya kusahauliwa, au na utamu wa kuona jina lako chini ya picha.

Wako wengine wanaodhani kwamba asiye na nyumba ya kumrudisha nyuma ndiye anayepiga picha bora. Mambo yaliyotokea Afrika ya Kusini yatufundishe uangalifu. Katika miaka ya mwisho ya ubaguzi wa rangi, wapiga picha wanne vijana walijulikana kwa kuyafuata mapigano ya vitongoji vya Johannesburg: Kevin Carter, Ken Oosterbroek, Greg Marinovich na João Silva. Mwaka 1993 Carter alipiga picha huko Sudan ya kusini, ya mtoto aliyedhoofika kwa njaa na tai aliyetua nyuma yake. Mwezi wa Aprili 1994 picha hiyo ilipata tuzo ya Pulitzer. Siku chache tu baadaye, tarehe 18 Aprili, Oosterbroek aliuawa kwa risasi akiwa kazini katika kitongoji cha Thokoza, na Marinovich akajeruhiwa vibaya. Mwezi wa Julai wa mwaka ule ule Carter alijitoa uhai, akiwa na umri wa miaka 33. Alikuwa baba wa mtoto.

Hatudai kwamba tunajua yote yaliyokuwa moyoni mwake. Kifo cha namna hiyo hakina sababu moja, na wafu wastahili heshima. Lakini tunajua kwamba macho hayaoni bure. Mwaka 2002 Anthony Feinstein, daktari wa magonjwa ya akili wa Kanada, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi juu ya wanahabari 140 wa vita. Zaidi ya robo yao walikuwa wamepatwa, wakati fulani wa maisha yao, na ugonjwa wa akili unaofuata mshtuko mkubwa. Tena walikunywa pombe nyingi kuliko wanahabari wenzao wasiokwenda vitani. Mtu anayerudi na mizigo kama hiyo anahitaji mahali pa kuitua: mke, mume, ndugu au rafiki anayeweza kumwambia, "Tangu Jumatatu hulali, tuongee," na daktari pale maneno ya nyumbani yasipotosha. Kwa sababu hiyo tunasema kwamba nyumba haimrudishi nyuma mpiga picha. Ndiyo inayomwezesha kwenda tena kesho akiwa bado mtu anayeguswa na uso wa mwingine. Aliyekwisha kufa ganzi anaweza kubonyeza kitufe, lakini atapiga picha za miili, si za watu.

Jambo la tatu lawahusu hasa mabinti. Lynsey Addario, mpiga picha wa Marekani ambaye amefanya kazi pia katika Kongo yetu ya mashariki, alikamatwa Libya mwezi wa Machi 2011 pamoja na wenzake watatu wa gazeti la New York Times. Dereva wao aliyekuwa kijana alipoteza maisha. Mwishoni mwa mwaka ule Addario alimzaa mtoto wake wa kwanza. Hakuiacha kazi, na mwaka 2015 alitoa kitabu kinachoeleza mvutano huo kati ya mapenzi na vita. Mumewe naye amewahi kuwa mwandishi wa habari, na malezi ya watoto ni kazi yao wote wawili. Tujiulize: mwanamke akisafiri na kamera, watu humwuliza mara moja, "Umewaacha watoto na nani?" Mwanaume akisafiri, ni nani anayemwuliza? Swali hilo ni jema. Ubaya wake ni kuulizwa upande mmoja tu. Kijana wa kiume anayejiandaa kwa kazi hii na ajizoeze kulijibu.

Hata hivyo, habari za hao wote hazitoshi kutuongoza, kwa kuwa baadhi yao walikwenda vitani kwa ndege na kurudi kwa ndege. Kwetu sisi nyumba na habari vinakaa mtaa mmoja. Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ililipuka. Tarehe 27 wakuu waliamuru sehemu kubwa ya mji wa Goma ihamishwe. Watu kwa maelfu wakashika njia ya Sake, wengine wakavuka kuingia Rwanda, wengine wakapanda mashua. Mpiga picha mkaaji wa Goma alikuwa shahidi na mkimbizi kwa saa ile ile. Katika msafara aliotumwa kuupiga picha, mama yake mzazi alikuwamo, na godoro kichwani.

Afanye nini mtu huyo? Inue kamera, au upokee godoro? Tunathubutu kusema: kwanza pokea godoro. Mfikishe mama mahali salama, kisha rudi barabarani. Picha moja itakupita, ndiyo; lakini barabara ile ina maelfu ya watu, na wenzako wako hapo. Mama yako ana mtoto mmoja tu aliye karibu kwa saa hiyo. Tena ukirudi baada ya kulibeba godoro, utajua uzito wake, na picha utakazopiga zitaujua pia.

Wahenga walisema kwamba mshika mbili, moja humponyoka. Ni kweli kwa asiyepanga. Anayepanga huweza kushika yote mawili, ingawa si kwa nguvu sawa kila siku. Tunapendekeza haya. Chagueni mapema mambo machache ambayo kazi haitayagusa: kuzaliwa kwa mtoto, ugonjwa mzito, kilio cha jamaa, na siku moja katika juma ambayo simu ya kazi inazimwa. Mweleze wa nyumbani, kabla ya kutoka, unakwenda wapi, na nani, na utapiga simu saa ngapi. Ahadi ya simu ya saa kumi na mbili ni ndogo, lakini kuivunja humkosesha mtu usingizi. Wekeni akiba, hata kidogo, maana asiye na akiba hana uwezo wa kukataa. Mjiunge wawili au watatu wanaopokezana kazi, ili anayefiwa apate wa kushika nafasi yake bila kuipoteza. Na picha za maiti zisihifadhiwe katika simu ambayo watoto huchezea.

Wenye magazeti na mashirika nao wana deni. Anayemtuma kijana penye risasi bila bima, bila fulana ya kuzuia risasi na bila siku za kupumzika baadaye, asijisifu kwa picha aliyoletewa. Nasi tulio nyumbani tusimpokee anayerudi kwa madai tu. Tumpe maji ya kuoga, chakula na ukimya wa saa chache, kisha tumwulize, si "Umeleta nini?", bali "Uko namna gani?"

Katika mkutano wenu wa juma hili, tunaomba mjadili maswali matatu. Je, katika kikundi chetu kuna mtu ambaye kazi au masomo yamemfanya mgeni nyumbani kwake? Ni simu zipi tunazozijibu kana kwamba ni za Korem, kumbe zingeweza kungoja? Na mwenzetu anayepiga picha za mateso ya watu wetu, ni nani kati yetu aliyekwisha kukaa naye chini na kumsikiliza?

Swali la mwisho lisiishie katika maneno. Kama mwenzenu huyo yupo, mwendeeni kabla ya Jumapili.