Kuua Motokari Ingali Nzima



Juzi nilikuwa katika garaji moja hapa Bukavu, nikawasikia vijana wakibishana. Mmoja amerudi kutoka Ulaya, naye akasimulia kwamba kule serkali imewahi kuwapa watu feza ili watupe motokari zao za zamani na kununua mpya. Wenzake wakastaajabu, na mara wakaanza kupaza sauti: “Hiyo ndiyo serkali! Yetu inangoja nini?” Fundi mzee alikuwa amelala chini ya kamioni, miguu tu ikionekana. Akauliza toka kule chini: “Na ile ya zamani wanaifanyia nini?” Kijana akajibu: “Wanaiponda, baba.” Mzee akatoka polepole, akapangusa mikono, akaitazama kamioni ile, asiseme neno.

Basi, mimi nitasema badala yake. Maana neno hili linapendeza sikioni, na wengi wamelikubali bila kulipima.

Kwanza tuyajue mambo yenyewe. Mwaka 2007 Wamarekani walinunua motokari mpya milioni 16 hivi. Mwaka 2008 benki kubwa zikatikisika, watu wakashika mifuko yao, na mwaka 2009 hesabu hiyo ikashuka mpaka milioni 10 na kidogo. Viwanda vilianza kulia. Chrysler ikakimbilia mahakamani kwa kufilisika mwezi wa Aprili 2009, General Motors ikaifuata mwezi wa Juni. Ndipo Baraza lao likatunga sheria, na Presidenti Obama akatia sahihi mwezi huohuo wa Juni. Mtu alete motokari yake ya zamani kwa mwuzaji, apunguziwe dola 3,500 au 4,500 katika bei ya mpya, na serkali imrudishie mwuzaji. Masharti yalikuwa haya: motokari ile iwe inatembea, isipite miaka 25, mwenyewe awe ameiandikisha na kuilipia bima mwaka mzima, tena iwe mlafi wa esanse, yaani kwa lita moja isipite kilometa 7 na nusu hivi. Na ile mpya bei yake isizidi dola 45,000.

Watu walijaa madukani. Bilioni moja ya dola iliyotengwa ilikwisha kwa muda wa juma moja hivi! Wakaongeza bilioni mbili, na tarehe 24 Agosti 2009 mlango ukafungwa. Motokari zipatazo 677,000 zilikuwa zimebadilishwa.

Sasa sikilizeni namna zilivyouawa. Fundi alimwaga mafuta ya moteri, akatia mahali pake maji yenye silikati ya sodiamu, ambayo wengine huyaita kioo cha maji. Kisha akaiwasha, akaikanyagia gesi. Moto wa moteri ulikausha maji yale yakawa kama kioo ndani ya vyuma, moteri ikakaza, ikanguruma, ikanyamaza. Dakika chache tu. Haikuwezekana kufufuliwa tena, na hilo ndilo lililotakiwa na sheria. Niseme kweli: vyombo vingine, kama milango, taa, viti na magurudumu, viliweza kuuzwa kabla ya gari kupondwa, na chuma kilirudi kuyeyushwa. Si kila kitu kilipotea. Lakini moteri ndiyo moyo wa motokari, na mioyo 677,000 ilisimamishwa kwa amri, mingi ikiwa bado inapiga vizuri.

Je, hakuna jema lolote? Lipo, wala sitalificha. Zile za zamani zilikwenda kilometa 6 na nusu au 7 kwa lita, na zile mpya zilikwenda 10 na nusu, kwa wastani. Hiyo ni esanse nyingi iliyookoka, na moshi mwingi uliopungua. Motokari mpya ina freni bora na mifuko ya hewa ya kumlinda mtu akigongwa. Tena wauzaji waliokuwa karibu kufunga milango walipata pumzi, na viwanda vingine viliwaita wafanyakazi wao kurudi. Mtu aliyerudi kazini mwezi ule hatakubali niseme kwamba sheria ilikuwa bure, na ana haki.

Lakini twende mbele kidogo, tuone feza ile ilimwendea nani.

Watu wawili jirani. Wa kwanza amejinyima miaka kumi, akaendesha motokari ndogo isiyokula esanse. Wa pili alipenda kubwa yenye kiburi, akaunguza mafuta bila kujali. Sheria ilipofika ikamwambia wa kwanza: “Wewe motokari yako ni nzuri mno, hupati kitu.” Ikamwambia wa pili: “Wewe uliyeharibu, shika dola 4,500.” Na hapo yule wa kwanza ndiye aliyelipa kodi ili mwenzake apewe! Na si hilo tu. Kwa kamioni kubwa za watu binafsi masharti yalilegezwa sana: ikiwa ile mpya ilizidi ya zamani kwa maili moja tu katika galoni, na galoni yao ni karibu lita nne, mwenyewe alipata dola 3,500, ikizidi maili mbili, alipata 4,500. Mnaita hiyo sheria ya kulinda hewa?

Na fukara je? Fukara wa Marekani hanunui motokari mpya. Dola 4,500 ni sehemu tu ya bei. Iliyobaki lazima atoe mfukoni au akope, na benki haimkopeshi. Yeye hungoja mwenye mali achoke na yake, ainunue kwa bei ndogo, aende nayo kazini. Sasa zile alizokuwa akizingojea zimepondwa. Zilizosalia zimepunguka, na kitu kikipunguka sokoni bei yake hupanda. Mama yeyote wa soko la Kadutu atakufundisha hayo bila kufungua kitabu.

Wataalamu nao walihesabu. Atif Mian na Amir Sufi walilinganisha miji ya Marekani iliyokuwa na motokari nyingi za zamani na ile iliyokuwa nazo chache. Wakaona kwamba sheria iliongeza mauzo kwa motokari 370,000 hivi katika Julai na Agosti 2009. Habari njema! Lakini miezi iliyofuata mauzo yakapungua kwa hesabu karibu ileile, hata ilipofika Machi 2010 faida yote ilikuwa imekwisha. Watu hawakununua zaidi, walinunua mapema tu. Wataalamu wengine, Hoekstra, Puller na West, waliwachunguza wanunuzi wa Texas, wakakuta jambo la kuchekesha: kwa kuwa sheria iliwasukuma watu kuchagua motokari ndogo za bei nafuu, feza iliyoingia viwandani kwa jumla ilipungua. Serkali ilitoa karibu bilioni tatu kusaidia viwanda, navyo vikauza vitu vya bei ndogo zaidi kuliko ambavyo vingeuza.

Wafaransa walikuwa wameonja mchuzi huu zamani. Mwaka 1994, chini ya waziri Balladur, walitoa franka 5,000 kwa mwenye kutupa motokari iliyopita miaka 10. Akafuata Juppé na zawadi yake. Watu wakazipa zawadi hizo majina ya utani, balladurette na juppette. Mwaka 1996 zawadi ikakoma, na mwaka 1997 wauzaji wakakaa wakihesabu nzi madukani.

Sasa nije kwa Wajerumani, maana hapo habari yatugusa sisi. Mwaka 2009 serkali yao ilitoa euro 2,500 kwa kila motokari yenye miaka 9 au zaidi. Walianza na bilioni moja na nusu ya euro, wakaishia bilioni tano, na motokari kama milioni mbili. Hao hawakutia kioo cha maji katika moteri, waliwaamini watu. Kumbe, mwaka uleule chama cha polisi wapelelezi kikasema hadharani kwamba huenda motokari 50,000 hivi zilizohesabiwa kuwa zimekufa zilisafirishwa kwa siri, zikauzwa Ulaya ya Mashariki na Afrika. Niliposoma habari hiyo nilicheka kwanza, kisha kicheko kikakauka. Motokari iliyohukumiwa kuwa chafu mno kwa mapafu ya Mjerumani ilionekana safi ya kutosha kwa mapafu ya mtoto wa Kiafrika! Na walanguzi wale walilipwa mara mbili: mara moja kwa kuondoa takataka, mara ya pili kwa kuziuza takataka zilezile.

Hapa najua mtanirudia: “Basi, si ni afadhali wazivunje zote kabisa?” Neno hilo lina nguvu, nakubali. Nimeona kwa macho yangu kamioni ikishuka mlima bila freni, dereva akipiga honi kama mwenda wazimu. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilitangaza mwaka 2020 kwamba tangu 2015 mpaka 2018 motokari ndogo zilizotumika milioni 14 zilitoka Ulaya, Japani na Marekani kwenda nchi nyingine, na Afrika ndiyo iliyopokea fungu kubwa. Waholanzi walichunguza zile zilizotoka bandarini mwao kuja Afrika, wakakuta nyingi hazina hata cheti kinachosema zafaa kutembea barabarani. Hayo ni makosa makubwa, wala siyatetei.

Lakini tazameni vema. Kosa la motokari zile si umri wao, kosa ni kwamba hakuna aliyezipima. Iko motokari ya miaka 15 iliyotunzwa na mwenyewe kama ng’ombe wa maziwa, na iko ya miaka 6 iliyochinjwa na dereva mlevi. Anayezipima kwa cheti cha kuzaliwa peke yake, au kwa ukubwa wa mfuko wa mwenyewe, atapoteza nzuri na kuacha mbaya.

Na hao vijana wangu wa garajini wanaotaka serkali yetu ya Kongo ifanye vilevile, nawauliza: nani atapewa? Mwalimu wa Walungu hana motokari ya kutupa. Mama wa mihogo hana. Muuguzi anakwenda kwa miguu. Atapewa mkubwa mwenye motokari tatu, ili apate ya nne. Na feza itakwenda wapi? Marekani walau viwanda ni vyao. Sisi mpya zetu zatoka ng’ambo. Zile za Ulaya zapitia Antwerpen na Matadi, zile za Japani zapitia Dar es Salaam na Mombasa, usukani kuume wakati sisi twaendesha kuume. Tungetoa kodi ya wananchi kuwanunulia kazi wafanyakazi wa nchi nyingine, na kuwanyang’anya kazi mafundi wetu wenyewe. Hesabuni katika Bukavu peke yake wangapi wanakula kwa kufufua moteri! Tena shaba ya Katanga imo katika nyaya za motokari mpya, na kobalti yetu, ambayo ni zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, imo katika betri za zile zinazotembea kwa umeme. Twajua kuliko wengine jasho linalomwagika kuvitoa vyuma hivyo ardhini. Si sisi tunaopaswa kushangilia vikipondwa kabla ya siku yake.

Kama serkali ina feza ya kutoa kwa ajili ya motokari, nitaiambia mahali pa kuitia. Ipunguze ushuru wa freni, wa magurudumu na wa vyombo vya kubadilisha, ili fundi asilazimike kufunga kwa waya. Iweke mahali pa kupimia penye mashini ya kweli na mtu asiyeuza cheti. Inunue basi nzuri za abiria, ili watu wasipande juu ya magunia. Nao wa Ulaya na Japani waambiwe bila haya: ile isiyofaa kutembea kwenu msitupandishie merikebuni, lakini ile nzima msiiue, tutainunua.

Kama yuko msomaji anayeona nimekosea, aniletee hesabu yake, nitaisoma kwa uangalifu. Ila ahesabu pia wale wanaosafiri juu ya kamioni ya mzee yule. Ilitoka garajini Alhamisi, freni zake mpya, na Jumamosi ilikuwa sokoni na mihogo.