Leseni ya udereva isiwe risiti tu

Natoa maoni yangu juu ya jinsi leseni za udereva zinavyopatikana hapa kwetu, zikilinganishwa na za nchi nyingine. Mara nyingi wananchi huandika kulalamikia ada, foleni na rushwa. Malalamiko hayo yana haki yake, nami siyapingi. Lakini swali langu ni jingine, na naona haliulizwi vya kutosha: kijana anapokabidhiwa leseni, amefundishwa nini hasa, na je, alichofundishwa kinalingana na barabara atakayokwenda kuifanyia kazi?

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Kwa utaratibu uliopo, mtu hupata leseni ya kujifunzia, husoma katika shule ya udereva inayotambuliwa, hupimwa macho, hujaribiwa na polisi, kisha hulipia na kupigwa picha TRA ndipo apewe kadi yake. Mwaka 2019 muda wa leseni uliongezwa kutoka miaka 3 hadi 5, na ada ikapanda kutoka shilingi 40,000 hadi 70,000. Ukiusoma utaratibu huo kwenye karatasi hauna ubaya. Upungufu wake ni kwamba hautofautishi dereva wa bondeni na dereva wa mlimani.

Kwa wasiopafahamu Lutindi, hii ni kata ya wilaya ya Korogwe, juu katika milima ya Usambara. Ipo hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kanisa la Kilutheri. Wamisionari wa Kijerumani waliianzisha mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Hadi leo wagonjwa huletwa na ndugu zao kutoka mbali. Hufika bondeni kwa basi, kisha huupanda mlima kwa chombo chochote kinachopatikana. Chai, ndizi na maharage huteremka kwa njia hiyo hiyo. Mbolea, bati, chumvi na sabuni hupanda. Mama mjamzito akizidiwa usiku, naye huteremshwa kwa njia hiyo. Ni barabara ya mlima yenye kona na miteremko, na wakati wa masika udongo wake huteleza kama sabuni.

Sasa mchukue kijana aliyejifunza pikipiki au gari katika uwanja wa mpira wa mjini, au katika barabara tambarare za Handeni. Amejua kuwasha, kubadili gia, kuzunguka nguzo na kusimama. Amefaulu mtihani na leseni yake ni halali Tanzania Bara yote. Kesho yake anapakia abiria na kuanza kuupanda mlima wetu. Hakuna aliyemwonyesha kwamba mteremkoni chombo hushikwa kwa gia ndogo, na kwamba breki zikibanwa mfululizo hupata moto na kupoteza nguvu. Hakuna aliyemkataza kuzima injini wakati wa kuteremka ili kuokoa mafuta, mchezo ambao wapo vijana wanaouona kuwa ni ujanja. Hajui kusimama katikati ya mwinuko akiwa na mzigo na kuondoka tena bila kurudi nyuma. Mambo hayo yote atajifunza akiwa na abiria mgongoni, na wa kulipa ada ya somo hilo ni huyo abiria.

Wenzetu wa nchi nyingine wanafanyaje? Nimelifuatilia jambo hili, na nimeona kwamba nchi zilizofanya vizuri zimejiuliza kwanza nini kinawaua watu wao barabarani, kisha zikakiingiza katika mafunzo ya lazima.

Norwei ni nchi ya baridi kali, na wakati wa kipupwe usiku wake ni mrefu mno. Kwa hiyo huko mwanafunzi wa udereva hulazimika kupata somo la kuendesha gizani, na pia hupelekwa kwenye uwanja maalumu wenye utelezi ili aone kwa macho yake gari linavyokataa kusimama. Hawamwachi akutane na barafu kwa mara ya kwanza akiwa na watoto ndani ya gari.

Ujerumani wanabana zaidi. Huko baba hawezi kumfundisha mwanawe barabarani kwa gari la nyumbani. Ni lazima apitie kwa mwalimu wa shule ya udereva. Mbali na masomo ya darasani, anayetaka leseni ya gari dogo lazima atimize vipindi 12 maalumu vya dakika 45: 5 vya barabara za nje ya mji, 4 vya barabara kuu za mwendo wa kasi, na 3 vya gizani. Lazima pia asome huduma ya kwanza. Na akishafaulu, miaka 2 ya mwanzo ni ya kuangaliwa; akifanya makosa makubwa hurudishwa darasani.

Hayo ya gizani yanatugusa sana wananchi wa Korogwe. Usiku wa Februari 3, 2023, katika wilaya yetu, basi dogo lililokuwa limebeba waombolezaji na mwili wa marehemu kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi liligongana na lori, na watu wasiopungua 17 wakapoteza maisha. Sisemi kwamba chanzo chake kilikuwa mafunzo, maana hiyo ni kazi ya wataalamu. Nasema tu kwamba barabara ya usiku tunaifahamu, na dereva anaweza kupata leseni katika nchi yetu bila kuwahi kuendesha usiku mbele ya mwalimu hata mara moja.

Uingereza wao hawalazimishi mtu kwenda shule ya udereva kwa gari dogo, lakini mtihani wao ni mgumu, na tangu mwaka 2002 mtahiniwa huonyeshwa picha za filamu ili apimwe kama anaitambua hatari kabla haijamfikia. Kwa upande wa pikipiki, tangu mwaka 1990 anayeanza hupitia kwanza mafunzo ya msingi ya lazima ndipo aruhusiwe kuingia barabarani. Tena akiwa bado ni mwanafunzi mwenye alama ya "L", hakubaliwi kubeba abiria.

Jirani zetu wa Kenya wana mtindo wao. Mtahiniwa husimamishwa mbele ya ubao mkubwa uliochorwa mji mdogo, wenye njia panda, mizunguko na alama, akaambiwa asogeze kigari cha mchezo na kueleza kila hatua. Ni njia nzuri ya kupima kama mtu anazijua sheria. Lakini ubao hauna mteremko wala tope, na hapo wenzetu hao wana upungufu unaofanana na wetu.

Wapo watakaosema kwamba leseni ni leseni, na mwenye nayo anaweza kuendesha popote. Hebu tumtazame dereva wa lori anayechukua mzigo Dar es Salaam kupeleka Kigali. Hadi daraja la Rusumo anapita kushoto. Akishavuka tu, yupo Rwanda na anatakiwa kupita kulia. Leseni haikubadilika, lakini mazoea yote ya mkono na jicho lazima yageuzwe. Madereva hao hujihadhari kwa kuwa mpaka wanauona. Kati ya bondeni na Lutindi hakuna kizuizi wala bendera, kwa hiyo dereva haambiwi na mtu kwamba ameingia nchi nyingine ya udereva.

Ndugu Mhariri, historia nayo inatufundisha. Waingereza walipoanza kutoa leseni kwa sheria yao ya mwaka 1903, hapakuwa na mtihani wowote. Mtu alilipa shilingi 5, akapewa karatasi yake, akaenda zake. Leseni ilikuwa risiti ya malipo na utambulisho wa mwenye chombo. Ilichukua zaidi ya miaka 30 ndipo mtihani ukafanywa wa lazima, mwaka 1935, baada ya watu wengi mno kuuawa barabarani. Sisi tuliokuja nyuma hatuna sababu ya kulipia tena somo ambalo wengine walikwisha kulilipia kwa damu.

Najua kuna wenye hoja za kupinga. Ya kwanza ni gharama. Mjerumani hutumia zaidi ya yuro 2,000 mpaka aipate leseni, na fedha hizo kijana wa kijijini hawezi kuziota. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo maana siombi tuige kila kitu. Kijana aliyekopa pikipiki anatakiwa kupeleka hesabu kwa mwenye chombo kila siku. Ukimwambia akae mjini wiki kadhaa kwa mafunzo, akilipa nauli, chakula na malazi, ataamua kuendesha bila leseni. Hapo tutakuwa tumepoteza yote mawili.

Hoja ya pili ni kwamba kila mtihani unaoongezwa ni mlango mwingine wa rushwa. Hii nayo ina uzito. Lakini mtihani unaofanyika mteremkoni kijijini, mbele ya viongozi wa kijiji na madereva wenzake, ni mgumu kuuziwa mtu kuliko ule unaofanyika pembeni bila shahidi.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo kwa wahusika.

Kwanza, katika wilaya zenye milima kama Korogwe, Lushoto, Same na Rungwe, mafunzo na mtihani wa udereva yawe na somo la lazima la mlima: kuondoka kwenye mwinuko ukiwa na mzigo, kuteremka kwa gia ndogo, kupita kona zisizoonyesha mbele, na kuendesha kwenye utelezi. Somo hilo halihitaji kiwanja wala mashine. Milima tunayo tayari.

Pili, mwalimu na mtahini wapande mlimani. Shule za udereva zinazotambuliwa, VETA na polisi wa usalama barabarani wapange siku maalumu katika kila kata, vijana wafundishwe na kujaribiwa kwa vikundi, kisha waende mjini mara moja tu kwa ajili ya picha na kadi. Nauli ya mwalimu mmoja kuja Lutindi ni ndogo kuliko ya vijana 30 kwenda Korogwe na kurudi.

Tatu, anayejifunza pikipiki asibebe abiria kabisa mpaka apate leseni kamili, na vyama vya bodaboda pamoja na serikali za vijiji viwe na orodha ya waliofuzu. Pikipiki ilikubaliwa kisheria kuwa chombo cha kubeba abiria kwa malipo tangu mwaka 2010. Haifai iendelee kuendeshwa kama baiskeli ya nyumbani. Na sisi abiria tujirekebishe. Tunapokubali kupakiwa mshikaki, watu watatu juu ya pikipiki moja mteremkoni, tusimtupie lawama trafiki peke yake.

Nne, huduma ya kwanza iwe sehemu ya mafunzo. Huku kwetu, wa kwanza kumfikia majeruhi huwa ni dereva mwenzake wa bodaboda. Akijua namna ya kuzuia damu na kumlaza mtu vizuri, anaweza kuokoa maisha kabla mgonjwa hajafikishwa hospitali.

Mwaka 2021 Serikali yetu ilipunguza faini ya makosa ya pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Vijana walifurahi, na ilikuwa huruma nzuri kwa mnyonge. Naomba huruma hiyo isogee hatua moja mbele, imfikie kijana kabla hajafanya kosa, kwa kumpa mafunzo yanayofaa mahali anapoishi. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilieleza kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka, na kwamba ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Hao ndio nguvu kazi ya taifa, na wengi wa bodaboda wetu wamo katika umri huo.

Tukiendelea kutoa kadi nzuri yenye picha bila kumfundisha mwenye kadi barabara yake, tutakuwa tumerudi kwa Waingereza wa mwaka 1903 na shilingi zao 5. Nawaomba wanaohusika na usalama barabarani mkoani Tanga waje wapande mlima huu wakati wa masika, wakiwa wamebebwa na kijana aliyepata leseni yake juzi, ndipo waamue.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima wa Chai,
Lutindi, Korogwe.