Dereva wa Treni Halipwi Kupita Kiasi

Wiki iliyopita, baada ya mkutano wa jumuiya yetu, tulibaki kupiga soga kama kawaida. Pilau ilikuwa imekwisha, chai bado ipo. Mazungumzo yakaangukia kwenye treni. Kaka mmoja akasema kwa uchungu kabisa: "Dereva wa treni hapa Uingereza anachukua pauni elfu sitini na tisa kwa mwaka, kwa kukaa tu na kusukuma wenzo! Na bado wanagoma!" Dada mmoja anayesomea udaktari akaongeza kwamba mwaka 2024 daktari anayeanza kazi alikuwa na mshahara wa msingi wa kama pauni 36,600. Wote tukaguna. Mimi niliguna pia, lakini nilipofika chumbani nikachukua kikokotoo. Ndio ugonjwa wetu sisi mainjinia.

Jamani, hebu tufanye hesabu. Migomo ya madereva ilianza Julai 2022 ikaisha Septemba 2024, pale wanachama wa ASLEF, chama chao kilichoanzishwa 1880, walipokubali nyongeza ya asilimia 5, kisha 4.75, kisha 4.5 kwa miaka mitatu. Ukizizidisha unapata kama asilimia 15, kutoka wastani wa pauni 60,000 hadi 69,000. Watu wengi waliishia kusoma hapo. Lakini madereva hao, wengi wao, walikuwa hawajaongezwa mshahara tangu 2019. Kati ya 2019 na 2024 bei za vitu Uingereza zilipanda kwa karibu robo, na Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 11.1. Kwa hiyo ili dereva anunue vile vile alivyonunua 2019 kwa pauni 60,000, alihitaji kama 74,000. Kapewa 69,000. Yaani kagoma miaka miwili, kila siku ya mgomo hana mshahara, halafu mwisho wa safari bado yuko nyuma kwa kama pauni elfu tano. Huyo ndiye mnayesema kavunja benki?

Sasa chukua hizo 69,000, toa kodi ya mapato na bima ya taifa. Mkononi inabaki kama pauni 4,200 kwa mwezi, na pensheni bado haijakatwa. Wastani wa kodi ya nyumba London umevuka pauni 2,000 kwa mwezi. Nusu ya mshahara imekwenda kwa mwenye nyumba hata umeme hujawasha. Sikatai, ni maisha mazuri, anaweza kulea watoto bila kutafuta kazi ya pili ya usiku. Ila huo ndio uwezo ambao zamani mfanyakazi yeyote mwenye ujuzi alitegemea kuwa nao.

Mlinganishe na wabeba boksi, maana huko ndiko wengi wetu tunakujua vizuri zaidi kuliko darasani. Kima cha chini cha mshahara mwaka 2024 kilikuwa pauni 11.44 kwa saa. Ukifanya saa 40 kwa wiki, mwaka mzima bila kuugua, unapata chini kidogo ya 23,800, na mkononi kama 1,720 kwa mwezi. Hiyo kodi ya wastani ya London imeshakushinda kabla hujala. Na sisi wenye viza ya masomo tunaruhusiwa saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula. Sasa niambieni, kati ya namba hizi mbili ipi ni kashfa, 4,200 au 1,720? Kijiweni kwetu watu walikasirikia 4,200.

Nirudi kwenye "kusukuma wenzo", kwa sababu hili liliniudhi kitaaluma. Treni inayokwenda kilomita 200 kwa saa inahitaji zaidi ya kilomita moja na nusu mpaka isimame. Magurudumu ni chuma juu ya chuma, haina mshiko wa tairi juu ya lami. Maana yake dereva akisubiri mpaka aione taa nyekundu kwa macho yake ndipo ashike breki, amechelewa. Zipo taa za njano za kumwonya mapema, lakini bado lazima aijue njia kwa moyo: mteremko uko wapi, kona iko wapi, taa ipi imejificha nyuma ya daraja, usiku, kwenye ukungu. Njia ambayo hajaisoma na kuthibitishwa haruhusiwi kuiendesha peke yake, hata kama ana miaka ishirini kazini. Mafunzo yenyewe huchukua mwaka mmoja au zaidi.

Tarehe 5 Oktoba 1999, pale Ladbroke Grove karibu na stesheni ya Paddington, treni ilipita taa nyekundu ikagongana na treni ya mwendo kasi. Walikufa watu 31, madereva wote wawili wakiwemo. Aliyepita taa alikuwa amefuzu wiki mbili tu kabla. Taa yenyewe ilikuwa imewekwa mahali pagumu kuonekana na ilikwishapitwa mara kadhaa miaka ya nyuma. Uchunguzi wa Lord Cullen ulilaumu mafunzo na uwekaji wa ile taa. Ukitaka mafunzo ya bei rahisi, gharama yake hiyo.

Ila nikisema ujuzi peke yake ndio unaoleta mshahara nitakuwa nawadanganya. Huyo dada wa udaktari ana ujuzi zaidi. Tofauti ni nani anakuhitaji. Reli ya Uingereza ilipobinafsishwa kwa sheria ya 1993, ikagawanywa kwa kampuni kama ishirini na tano za abiria. Kumfundisha dereva ni ghali, kumnyang'anya jirani ni rahisi. Kampuni zikaanza kupandishiana dau. Mwaka 1997 South West Trains iliwaachia madereva wengi waondoke kwa hiari, muda si mrefu ikafuta safari kwa kukosa wa kuziendesha! Daktari yeye karibu atazunguka vipi, mwajiri ni NHS.

Mgomo una watu wake wanaoumia, na mara nyingi si wakubwa. Wanaoumia ni wanaokwenda kufagia maofisi saa kumi na moja alfajiri. Hilo silifichi.

Na mambo yanageuka. Sheria ya 2024 inarudisha kampuni za treni za abiria mikononi mwa serikali, na Mei 2025 South Western Railway ikawa ya kwanza. Mwajiri akibaki mmoja, dau la jirani halipo tena, na dereva atabakiwa na chama chake tu.

Hali hiyo nyumbani tunayo tayari. Tangu 2024 treni ya umeme ya SGR inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na Kenya ina SGR yake toka 2017. Dereva wa mwendo huo ni mtu adimu, lakini shirika ni moja. Akitoka hapo hana kampuni ya pili ya kwenda kuuza ujuzi wake. Wafanyakazi wa TAZARA walishagoma zaidi ya mara moja, tena si kwa kudai nyongeza, ni kudai mshahara wa mwezi uliokwishapita.

Yule kaka anamaliza shahada yake mwaka huu, anataka kurudi Dar akafanye kazi reli. Nilimuuliza angetaka mshahara gani. Akataja namba bila kusita, na kusema kweli ilikuwa namba nzuri. Nikamuuliza, na dereva je? Akasema hiyo itabidi waangalie bajeti kwanza.